Namna ya Kupika Kikanda cha Bonane na Bado Ukaheshimika

Kabla ya kununua chochote, nyamaza. Usimwambie mtu yeyote kwamba mwaka huu ni wewe utakayepika kikanda cha sikukuu ya mwaka mpya. Hapa Lubumbashi habari ya aina hiyo ikitoka Katuba asubuhi, jioni imeshafika Ruashi, na kesho yake tantine ambaye hujamwona tangu matanga ya mwisho atapiga simu kuuliza watu wanaanza kula saa ngapi. Anayepika kwa siri ana uhuru wa kuharibu. Akiharibu, anaizika kazi yake nyuma ya nyumba, anaosha sufuria, anapika wali, na dunia inaendelea. Aliyetangaza hana mlango wa nyuma.

Kama umeshatangaza, basi soma mwongozo huu hadi mwisho, na usimwoneshe mama mkwe.

Jaribu la kwanza litakuja kwa simu. Kila ukoo wa hapa una ndugu yake aliye Marekani, na Desemba ikiingia ndugu huyo hutuma picha ya pai ya viazi vitamu: duara, rangi ya machungwa, imekatwa kipande kimoja ili uone ndani. Chini ameandika kwamba ni chakula cha sikukuu cha watu weusi wa huko, kwamba kina historia, na kwamba ni rahisi sana. Historia kinayo kweli. Abby Fisher, mama aliyezaliwa utumwani huko Kusini na baadaye akahamia San Francisco, alitoa kitabu cha mapishi mwaka 1881, na pai hiyo imo. Mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. Alisimulia, wengine wakaandika. Mwanamke huyu anastahili heshima zote.

Tatizo la pai ya Bibi Fisher haliko Marekani, liko huku kwetu. Viazi vitamu tunavyo tele. Vinaota kwenye matuta nyuma ya nyumba, na majani yake, matembele, umeyala na bukari Jumatatu, ukayala tena Jumatano. Ni vigumu kumketisha bamkwe mezani tarehe 1 Januari, akiwa amevaa koti, halafu umletee mzizi wa mboga ya Jumatano. Sikukuu inataka kitu cha shida. Tena pai inataka siagi, mayai, maziwa, sukari, na inataka tanuri, na tanuri inataka umeme. Umeme upo. Kuna njia ya waya yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na umeme wake umekuwa ukipita juu ya vichwa vya wanakijiji wengi wanaowasha koroboi. Lakini waya ule uliletwa kwa ajili ya shaba. Katika hesabu za wahandisi wake pai haikuwamo.

Kikanda hakihitaji tanuri, wala yai, wala siagi, wala sukari. Kinahitaji karanga, pilipili, chumvi, makala, mkono usiochoka, na maua.

Ndiyo, maua. Viazi vidogo vinavyotengeneza kikanda ni vya okidi, jamaa ya lile ua ambalo Ulaya linawekwa kwenye meza ya mapokezi ya hoteli, na ambalo mwanamume aliyekosea nyumbani humnunulia mkewe kwa bei ya kuumiza. Sisi tunalila, tena tunaanzia chini. Wataalamu wa mimea wanataja hasa Disa, Satyrium na Habenaria, ambazo zinaota kwenye nyasi na mabonde yenye unyevu. Na hatuko peke yetu katika tabia hii: Waturuki wanasaga viazi vya okidi zao, wanapata unga wa salep, wanautia kwenye maziwa ya moto na kwenye aiskrimu inayovutika hadi unaikata kwa kisu. Habari hii ya maua usimpe mgeni kabla hajamaliza kipande cha pili. Akiipata mapema ataanza kutafuna taratibu, kwa huruma, na watu watadhani kuna mawe.

Sasa tutafute viazi. Hapa ndipo mwongozo unapokuwa mrefu, kwa sababu mapishi yenyewe ni ya saa chache, ila viazi ni vya safari.

Njia ya heshima kuliko zote ni kwenda kuchimba mwenyewe, kama walivyofanya bibi zetu. Utavaa buti, utachukua jembe dogo, utatoka mjini mapema. Utapita mashamba, utapita uzio wa mgodi, utapita uzio wa mgodi mwingine, utapita mahali ambapo zamani palikuwa na msitu na sasa pana mifuko ya makala imepangwa kando ya barabara. Mwishowe utafika kwenye dembo, bonde la majani linalolowa wakati wa mvua. Okidi hapo inatambuliwa na mwenye macho. Wewe utaona majani. Ukimpata mtu wa kukuonesha, utakuta kila mmea una viazi viwili: cha mwaka jana kimenywea, na kipya kimejaa, akiba ya mmea huo kwa mwaka ujao. Kinachotakiwa ni kile kipya. Ni kidogo, kiasi cha ncha ya kidole gumba, na sufuria ya watu wa ukoo wako inavitaka kwa mamia. Ukipiga hesabu ya mgongo wako utarudi mjini.

Usije ukadanganyika kupanda juu ya Kundelungu kwa sababu umesikia maua ni mengi. Ile ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1970, na mlinzi wa mbuga hatakuelewa ukimwambia umekuja kwa ajili ya bonane.

Njia ya pili ni ya wasomi: kulima. Kila mwaka anatokea kijana mwenye diploma anayesema, kwa nini tusipande tu? Wazo ni zuri. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi na haina akiba ya chakula ndani yake. Ili iote inabidi ikutane udongoni na kuvu fulani ambaye atailisha. Pasipo kuvu huyo utamwagilia udongo mtupu. Robert Mwanga wa Uganda na wenzake walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi iliyohusu viazi vitamu vya rangi ya machungwa, kwa sababu kiazi kitamu ni mtu wa watu: unakata kipande cha shina, unachomeka, kinashika. Okidi haichomekwi. Profesa François Malaisse, Mbelgiji aliyefundisha miaka mingi katika chuo kikuu chetu, alitoa mwaka 1997 kitabu kinene kuhusu kila kinacholiwa katika msitu wetu wa miombo, uyoga, viwavi, asali, mizizi. Ukikisoma utagundua kwamba msitu ulikuwa unafanya kazi ya kilimo chote hicho bila diploma.

Kwa hiyo nenda sokoni. Nakushauri soko la Kenya, yaani mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi. Nchi ya Wakenya haihusiki. Nenda na noti ndogondogo na uso wa mtu aliyezaliwa jana lakini hataki ionekane. Mama anayeuza amekaa nyuma ya rundo la viazi vikavu, rangi ya udongo, na kando yake bakuli la unga uliokwisha kutwangwa. Mazungumzo yatakwenda hivi, usijaribu kuyabadilisha:

"Mama, hii bunga ni ya kikanda ya kweli?"

"Papa, kama unaogopa, lamba."

"Inatoka wapi?"

"Inatoka mu mufuko."

Hilo ni jibu kamili. Ukitaka jibu lingine, fuata mfuko. Mara nyingi umeingilia Kasumbalesa, na kabla ya Kasumbalesa ulikuwa Zambia, ambako watu wanapenda kikanda kuliko sisi, ingawa hatulisemi hilo mbele yao. Wazambia wamechimba mabonde yao hadi wakaanza kuangalia kwa jirani. Mwaka 2003 watafiti wawili, Tim Davenport na Henry Ndangalasi, walikadiria kwamba viazi hadi milioni 4 hivi vilikuwa vinatoka kila mwaka katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania kuelekea Zambia. Huko, mwaka 2005, serikali ya Tanzania iliufanya uwanda wa Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, hasa kwa sababu ya maua yake. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Basi usishangae ikiwa kikanda chako cha asili kabisa cha Katanga, urithi wa mababu, kimeanza maisha yake Makete, huko huko Tanzania, kikavuka mipaka miwili ndani ya basi, chini ya miguu ya abiria aliyelala. Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973, CITES, unaotaka okidi zote zinapovuka mpaka ziwe na kibali. Nimeona pale mpakani karatasi za saruji, za unga, za magari, za kuku. Ya kikanda bado.

Habari hii ya Tanzania nayo usiipeleke mezani. Pale mezani kikanda kinatoka kwa bibi yako.

Ushauri mmoja wa bure: nunua viazi vizima, usinunue unga. Kiazi kikavu kinajieleza, lakini unga unaweza kuwa na mambo mengi moyoni. Mama atakuambia unga wake ni safi, na pengine ni kweli; ila wewe utakuwa umenunua pia sababu ya kusingizia kikanda kikigoma. Hapana, nafikiri upya. Nunua unga. Sababu ya kusingizia utaihitaji.

Ukiwa na kichwa kigumu ukanunua viazi, itabidi uvikaushe vizuri, uvisugue, uvitwange kwenye kinu na kuchekecha. Kutwanga ni kutangaza, hilo ulijue. Kinu kikilia saa kumi na mbili asubuhi tarehe 30 Desemba, majirani wote wanajua kuna nini na watakuja kusalimia. Usikimbilie mashine ya kusaga. Mashine imesaga mahindi ya watu tangu alfajiri, na kikanda chenye mahindi ya wengine kinakuwa ni bukari yenye majivuno.

Vipimo sasa, kwa wale wanaoamini vipimo. Unga wa viazi kikombe 1. Karanga vikombe 2, mbichi, zilizotwangwa hadi zikawa laini. Zilizokaangwa zitakupa rangi nzuri na aibu. Maji vikombe 4, na mengine yanachemka pembeni. Chumvi. Pilipili kavu kiasi cha mtu kukohoa kidogo bila kuita daktari. Bikabonati kijiko kidogo. Bibi zetu hawakuwa na bikabonati, walichuja maji ya majivu, na leo kuna watu wanaosema majivu ndiyo yenye ladha. Waulize watu hao lini wao wenyewe walichuja majivu. Bikabonati ikizidi, kikanda kitakuwa na ladha ya sabuni, na kwa bahati mbaya wageni wote wanaijua sabuni.

Washa mbabula. Makala yawe yameshika vizuri, meusi yasionekane. Chemsha maji, tia karanga, tia chumvi na pilipili, na usiondoke. Nasema usiondoke. Karanga zinangoja ugeuze shingo kuangalia mlango, hapo hapo zinapanda na kumwagika, na nusu ya utamu inazima makala. Acha zichemke hadi harufu ya ubichi iishe. Tia bikabonati. Sasa anza kunyunyiza unga kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia unasonga kwa mwiko.

Kwa dakika moja hivi utaona ni jambo dogo. Halafu unga unakamata maji. Ndani ya viazi hivi mna kitu, wakemia wanakiita glukomanani, ambacho kikikutana na maji ya moto kinavimba na kushikana, na ulichokuwa unakikoroga kinageuka kuwa kitu ambacho unapigana nacho. Sufuria inataka kuzunguka, kwa hiyo mtu aishike. Mwiko mwembamba unavunjika, kwa hiyo uwe wa kusongea bukari ya matanga. Hapa ndipo wanaume wa nyumba hujitokeza na kusema, toka, hii ni kazi ya nguvu. Wakubalie, wapige picha haraka, kwa sababu baada ya muda mfupi watakumbuka kwamba leo kuna mechi ya Mazembe, hata kama hakuna. Picha hiyo ndiyo itakayotumwa Marekani.

Songa hadi donge liachane na kuta za sufuria. Kama haliachani, songa. Kama bado haliachani, umefika mahali ambapo watu huanza kulaumu unga, na sasa unaona kwa nini nilikuambia uununue.

Ukishalisawazisha juu kwa kijiko kilicholowa, funika kwa kifuniko cha bati. Punguza makala chini, na yale uliyoyatoa yapange juu ya kifuniko. Hiyo ndiyo tanuri yetu: moto chini, moto juu, na hakuna anayeweza kukukatia. Acha nusu saa, au zaidi kidogo, hadi juu ishike ganda la kahawia. Watoto watakuja kuuliza kama kimeiva. Tantine atakuja kuuliza kama unajua kwamba kimeiva. Usifunue. Kila ukifunua, majivu yanaingia, na utalazimika kusema ni mtindo wa zamani.

Kikanda cha moto hakikatwi. Hili linawashinda wengi, maana harufu imeshazunguka nyua tatu na watu wamekaa. Kiache kipoe, ikiwezekana kilale usiku mzima, kikazwe na baridi. Kisha kipindue kwenye sinia na ukikate vipande. Ndani kiwe cha kahawia nyekundu, kinang'aa, kisu kipite bila kunata. Anayekiona mara ya kwanza atadhani ni soseji nene, na anaweza kuuliza ni nyama ya nini. Mwache aulize. Kikikataa kushikana, usikitupe. Kiite mchuzi wa karanga wa sikukuu, ukipakue na wali, na uongee kwa sauti ya kujiamini.

Vinywaji viwepo: munkoyo kwa waliookoka, Simba kwa wanaookoka mwakani.

Halafu jiandae kwa hukumu. Mjini kwetu walikusanyika watu wa kila upande tangu Union Minière ilipoundwa mwaka 1906 ikaanza kutafuta mikono ya kuchimba shaba hadi ng'ambo, Rhodesia ya Kaskazini, na kila mkono ulikuja na mdomo wake. Kwa hiyo mezani pako Mbemba atasema kikanda ni cha Wabemba na wengine wamefundishwa. Mlamba atamkumbusha ardhi hii wanayoikanyaga ni ya nani. Mluba atasema kwao kinatiwa karanga zaidi. Shemeji kutoka Kasai, ambaye hakukijua kabla ya kuoa, atakuwa na maoni marefu kuliko wote. Mpaka unaotutenganisha na Wazambia ulichorwa mwaka 1894 na Waingereza na watu wa Mfalme Leopold, ambao kwa kadiri ninavyojua hawakuonja. Usiamue ugomvi huu. Wanaogombana wanakula polepole, na wewe umepika sufuria moja.

Tantine ataonja wa mwisho. Atafunga macho, atatafuna, watu watanyamaza, naye atatoa uamuzi: "Iko muzuri. Lakini hii haina kikanda ya kwetu." Wakati anasema hivyo mkono wake mwingine utakuwa unafunga vipande vitatu ndani ya kitambaa na kuviingiza kwenye mkoba. Mpe cha nne. Amekusifu.

Ukiulizwa umejifunza wapi, sema kwa bibi. Hakuna atakayebisha: aliyechimba yuko mbali, dereva wa basi hajui alibeba nini, na jirani aliyekusaidia kutwanga amekula tayari. Mama wa soko la Kenya naye hatakukana. Tarehe 2 Januari atakuwa tena mahali pake, safari hii na sinia la kikanda alichokipika mwenyewe, kimekatwa vipande vya bei ya watu ambao sikukuu imewamaliza. Nunua kimoja ukionje hapo hapo, umesimama, mbali na nyumbani, kwa sababu ni kizuri kuliko chako na uso wako utaonesha.